Jeli Isiguse Ngozi

Swali ninaloulizwa kuliko yote saluni kwangu, hapa Dar es Salaam, ni hili: "Dada, jeli haitaniharibu kucha?" Anamaanisha ile rangi ya kucha inayogandishwa kwa taa. Anayeuliza huwa ameshaona kucha za rafiki yake zilivyobaki laini na zenye madoa meupe baada ya jeli kutoka, kwa hiyo ana haki ya kuogopa. Jibu langu huwa refu kidogo, maana kuna hasara mbili tofauti hapa na watu wengi wanaijua moja tu. Kucha ikiharibika, inaota nyingine. Ile hasara ya pili haiondoki, na ndiyo iliyonifanya niandike leo.

Nianze na kucha yenyewe. Kile kipande kigumu tunachopaka rangi ni chembe zilizokufa, zimejaa protini ngumu iitwayo keratini, zimelaliana tabaka juu ya tabaka, na unene wake wote ni kama nusu milimita. Hakina damu wala mishipa ya fahamu. Uhai uko nyuma, kwenye mzizi uliofunikwa na ngozi, ambako kucha hutengenezwa na kusukumwa mbele wastani wa milimita 3 kwa mwezi. Za miguuni huenda kama nusu ya mwendo huo. Ndiyo maana kucha ya mkono huchukua miezi 4 hadi 6 kuwa mpya yote, na ya kidole gumba cha mguu huweza kupita mwaka. Mzizi unapata oksijeni na chakula chake kwenye damu, kwa hiyo ile habari ya kwamba jeli inainyima kucha pumzi, na kwamba lazima uipumzishe kila baada ya mwezi, msingi wake si pumzi. Ukipumzika, pumzika kwa sababu kucha zimekonda.

Na zinakondaje? Kwa tupa na kwa kubandua. Nusu milimita ni kidogo sana. Fundi akisugua kwa nguvu kabla ya kupaka, au mteja akiing'oa jeli kwa meno akiwa kwenye daladala, kinachotoka pamoja na rangi ni tabaka za juu za kucha. Yale madoa meupe yaliyokwaruzika ndiyo hayo, ni pale kucha ilipochunwa. Hakuna mafuta yatakayorudisha kilichochunwa. Kitasogea mbele polepole mpaka ukikate.

Sasa tuje kwenye hasara isiyoondoka, ambayo ni aleji ya akrilate.

Jeli ikiwa kwenye chupa ni mchanganyiko wa akrilate na methakrilate, molekuli ndogo ndogo zinazoelea kila moja peke yake. Ndani yake kuna kemikali inayoamshwa na mwanga wa taa. Ikiamka, zile molekuli zinashikana na kuwa wavu mmoja mgumu, ndiyo maana jeli haikauki kwa hewa kama rangi ya kawaida. Zikishashikana sawasawa hazina shida na mwili wako. Shida ni zile ambazo bado hazijashikana, hasa iitwayo HEMA, ambayo ni ndogo mno na hupenya ngozi kwa urahisi. Ngozi ikiguswa nayo mara kwa mara, kinga ya mwili huweza kuiandika kuwa adui. Hapo ndipo vidole huanza kuwasha, kuvimba pembeni mwa kucha, kutoa vilengelenge, kupasuka ncha, na wakati mwingine kucha huachana na nyama iliyo chini yake. Wengine macho ndiyo huvimba, kwa sababu tunajigusa usoni mchana kutwa.

Watu wengi hudhani aleji ni kitu unachozaliwa nacho. Hii unaitengeneza. Unaweza kupaka jeli kwa miaka bila tatizo, halafu siku moja mwili ukakataa, na ukishakataa kwa kawaida ni maisha yote. Na haiishii kwenye kucha. Kemikali za ukoo huohuo zimo kwenye vijazio vya meno, kwenye saruji inayotumika kushikilia viungo bandia vya mifupa, na kwenye gundi ya baadhi ya vifaa vinavyobandikwa mwilini kupima sukari. Undugu wa kucha na meno una historia: kucha za bandia za akriliki zilitokana na kazi ya daktari wa meno wa Marekani, Frederick Slack, aliyevunja kucha yake mwaka 1954 na kuitengeneza kwa akriliki ya meno. Kwa hiyo binti wa miaka 20 anayejipatia aleji hii leo kwa sababu ya rangi ya sendoff anaweza kuja kuihisi akiwa bibi, siku anayohitaji goti jipya. Naona ni bei kubwa mno kwa kitu kinachoweza kuepukika.

Umoja wa Ulaya uliliona hili. Kanuni yake ya mwaka 2020 ilitaka bidhaa za kucha zenye HEMA zitumiwe na mafundi tu, na chupa ziandikwe onyo la aleji. Sisi tunanunua jeli hizohizo Kariakoo au mtandaoni, pamoja na taa ndogo ya kuchomeka kwenye chaja ya simu, na kila mtu anajipaka sebuleni. Sisemi watu wasijipake. Nasema wajue kinachofanya jeli isikomae, maana kwa macho haionekani. Juu inang'aa na ni ngumu, lakini chini, pale inapogusana na kucha, bado ni mbichi.

Cha kwanza ni taa. Taa nyingi za LED hutoa mwanga wa nanomita 365 na 405, lakini nguvu zake hazilingani, na watengenezaji huchanganya jeli zao kwa kuzipima na taa zao. Jeli ya kampuni moja ndani ya taa ya nyingine ni kubahatisha. Cha pili ni unene. Mteja ana haraka, fundi anapaka mpako mmoja mzito badala ya miwili myembamba, na mwanga haufiki chini. Rangi zilizokolea, nyeusi na bluu nzito, na nyeupe pia, huzuia mwanga zaidi, kwa hiyo hizo zinataka wembamba kuliko zote. Cha tatu ni kidole gumba. Ukiingiza vidole vyote vitano pamoja, gumba hukaa ubavu na mwanga unalipiga upande mmoja. Mimi hukausha vidole vinne kwanza, kisha magumba mawili peke yake yakiwa yamelala sawa.

Ukihisi joto kali linachoma ndani ya taa, toa mkono mara moja, subiri, rudisha. Molekuli zikishikana hutoa joto, na mpako mzito ukishikana wote kwa mpigo hutoa joto jingi. Usivumilie ili kumridhisha fundi. Na kama unachomwa kila mara hata mpako ukiwa mwembamba, kucha zako zimekonda, zipe miezi michache.

Lakini hata taa iwe nzuri namna gani, jeli iliyomwagikia ngozini ina tatizo. Hapa ndipo unapompima fundi. Mwangalie anapofika karibu na mzizi: anapaswa kuacha uwazi mdogo mno, kama unene wa uzi, kati ya rangi na ngozi. Ikimponyoka ikagusa ngozi, aifute kwa kijiti kabla hujaingiza mkono kwenye taa. Fundi anayepaka mpaka kwenye nyama halafu akasema "itatoka ukinawa" anakuchezea. Hali kadhalika ule unatonata unaobaki juu baada ya mpako wa mwisho kutoka kwenye taa. Huo ni jeli mbichi, hufutwa kwa pamba safi yenye alkoholi, kipande kipya kwa kila vidole vichache, wala hausambazwi vidoleni. Na kale kangozi kembamba kwenye mzizi ni mlango uliofungwa dhidi ya maji na wadudu. Kasukumwe taratibu, zikatwe zile nyuzi zilizokufa tu. Akikuchimbua mpaka damu, ameshaifungulia njia HEMA.

Kutoa jeli kunataka subira kuliko kupaka. Kwanza mng'ao wa juu huvunjwa kwa tupa laini, ile ngozi ya juu ya jeli tu. Halafu pamba iliyolowa asetoni, foili, na dakika 10 hadi 15 bila kufunguafungua. Hata mafuta kidogo ya nazi yakipakwa ngozini kabla, asetoni haikaushi sana. Jeli iliyolainika hujikunja yenyewe, na kijiti cha mbao kinaisukuma bila kukandamiza. Isiposukumika, rudisha foili. Kinachoharibu kucha za mji huu ni ile dakika moja ya kukosa subira, fundi anapochukua kijiti cha chuma na kuanza kukwangua. Jeli nzito za kujengea urefu haziyeyuki kwa asetoni, hizo hupunguzwa kwa mashine, na fundi mzuri huacha ubaki mpako mwembamba wa chini badala ya kuifikia kucha. Ukiona mstari mwekundu unaouma karibu na mzizi baada ya mashine, umechimbwa.

Kuhusu mionzi ya taa, naulizwa sana tangu Januari 2023, watafiti wa California walipochapisha matokeo yao kwenye jarida la Nature Communications. Waliweka chembe hai kwenye vyombo vya maabara chini ya taa ya kucha. Dakika 20 mfululizo ziliua kati ya asilimia 20 na 30 ya chembe, na waliona pia uharibifu kwenye vinasaba vya zilizobaki. Hizo zilikuwa chembe tupu, bila ngozi ya juu inayozikinga, na hakuna anayekaa dakika 20 mfululizo. Sitamtisha mtu kwa hilo, wala sitalipuuza, kwa sababu taa hizi hutoa UVA, mionzi isiyoonekana iliyomo pia kwenye jua, na UVA ni UVA, inazeesha ngozi. Glavu zilizokatwa ncha, au losheni ya jua ya SPF 30 na kuendelea iliyopakwa mapema mikononi, zinamaliza shauri. Na mwulize fundi wako kama jeli yake ina TPO. Ni mojawapo ya zile kemikali zinazoamshwa na mwanga, na Ulaya imeipiga marufuku kwenye vipodozi tangu tarehe 1 Septemba 2025 baada ya kuainishwa kuwa inaweza kudhuru uzazi. Zipo jeli zisizo nayo.

Katikati ya miadi, adui mkubwa wa kucha ni maji. Kucha hunywa maji na kuvimba, ikikauka inasinyaa, na ukiirudiarudia hiyo kwa kufua kwa mkono, vyombo, kuogesha mtoto na kudeki, tabaka zake zinaachana kwenye ncha. Glavu za mpira kwenye beseni zitakusaidia kuliko chupa yoyote ya dawa ya kucha. Baada ya hapo ni mafuta, ya nazi, ya ufuta, ya jojoba, yoyote uliyonayo, yapakwe kwenye mzizi kila usiku. Hayaongezi unene, yanafanya kucha ipinde bila kuvunjika. Siku ya kwenda saluni usipake, jeli haitashika. Kuhusu dawa za kukazia zenye fomaldehaidi, nazikataa. Mwanzoni kucha inakuwa ngumu, ukiendelea inakuwa ngumu kama kioo na inapasuka. Vidonge vya biotini, ile vitamini inayosifiwa kwa kucha, vina ushahidi mdogo, na mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba vinaweza kupotosha vipimo vya damu, kikiwemo kipimo cha moyo kinachoitwa troponini. Ukivimeza, mwambie daktari kabla ya kupima.

Wateja wangu Waislamu wanajua suala la udhu: jeli inafunika kucha na maji hayaifikii, na haitoki kirahisi kama rangi ya kawaida, ambayo hupakwa siku chache za hedhi wasiposwali kisha ikafutwa. Wengi huchagua hina, nami nawaunga mkono kifundi, kwa kuwa rangi yake huingia kwenye keratini yenyewe bila kuacha utando. Hukumu mwulize shehe. Ninachoomba ni kwamba hina iwe hina. Piko nyeusi ya haraka mara nyingi ina rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD, nayo huweza kuleta aleji nyingine ya kudumu.

Mwisho, zipo kucha nisizozifunika. Jeli iliyoachia pembeni huingiza maji chini yake, na bakteria huacha doa la kijani. Usipake jeli mpya juu yake, itolewe na kucha ikauke. Kucha iliyobonyea katikati kama kijiko inaweza kuwa dalili ya upungufu wa madini ya chuma, kapime damu. Mistari ya kahawia kwenye kucha ni ya kawaida kwetu watu weusi, hasa ikiwa kwenye vidole kadhaa. Lakini mstari mmoja mpya, unaopanuka au uliovujia kwenye ngozi ya mzizi, mwone daktari wa ngozi haraka. Bob Marley alifariki mwaka 1981 kwa saratani iliyoanzia chini ya kucha ya kidole cha mguu. Kwa hiyo kila unapotoa jeli, kabla hujachagua rangi nyingine, kaa karibu na dirisha uzitazame kucha zako zikiwa tupu, za miguuni pia. Na kama una tarehe ya upasuaji au ya kujifungua, njoo tuitoe mapema angalau kwenye kidole kimoja cha kila mkono, kwa sababu kile kifaa cha kupima oksijeni kinachobanwa kidoleni kinasoma kwa mwanga unaopita kwenye kucha.