Kung'arisha chuma hadi uone sura yako: kazi kubwa iko kwenye msasa

Wengi wanaotaka chuma king'ae kama kioo huulizia polishi kwanza. Polishi huja mwisho kabisa, na huondoa chuma kidogo mno. Mkwaruzo uliobaki wa msasa namba 240 (namba ikiwa ndogo, msasa hukwaruza zaidi) hautafutwa na gurudumu la kitambaa. Utang'arishwa pamoja na kila kitu kingine, kisha utaonekana zaidi kwa sababu umezungukwa na uso laini. Ndiyo maana nitakaa sana kwenye msasa.

Kwanza jua umeshika chuma gani. Kitu kilichochovywa kromu au nikeli usikipige msasa, kwani tabaka lake ni jembamba na ukilipenya hakuna polishi itakayolirudisha. Vyombo vya mapambo vya shaba mara nyingi vimepakwa vanishi. Iondoe kwanza, la sivyo itaziba msasa na kuacha mabaka. Alumini iliyotiwa ganda gumu la oksidi kiwandani, hasa ile yenye rangi, lazima ivuliwe ganda hilo lote.

Msasa unaofaa ni ule mweusi wa maji. Anza na namba inayotosha kuondoa kasoro zilizopo, usianze na ya kukwaruza zaidi. Uso wenye alama za tupa unahitaji 180 au 240. Uliokwisha kuwa laini unaweza kuanzia 400. Kutoka 240 napanda hivi: 320, 400, 600, 800, 1000, 1500, 2000. Kuruka namba kunaonekana kuokoa muda, lakini chembe za P240 zina ukubwa wa mikroni (sehemu za elfu za milimita) 58 hivi na za P800 ni 22 hivi, kwa hiyo msasa wa P800 utahangaika muda mrefu kuondoa mifereji ambayo P400 ingeifuta upesi.

Iangalie herufi P nyuma ya karatasi. Misasa yenye P na isiyo nayo hufuata vipimo tofauti, na namba zake hazilingani: 600 isiyo na P inakaribia P1200. Ukitoka kwenye hiyo 600 ukachukua P800 ukidhani unapanda, umerudi nyuma, na utashangaa mikwaruzo mipya inatoka wapi.

Kila ukibadili namba, geuza mwelekeo kwa pembe mraba. Kama 320 ulisugua kwa urefu, 400 isugue kwa upana. Hapo mistari ya zamani inajitofautisha na mipya, na unajua hasa lini imeisha. Ikiisha, endelea tena karibu nusu ya muda uliokwisha kutumia, kwa sababu chini ya mkwaruzo unaouona kuna chuma kilichovurugwa ambacho polishi itakifichua baadaye. Kabla ya kuhukumu, futa maji na kausha kabisa. Uso wenye maji hudanganya: maji hujaza mikwaruzo na kufanya 400 ionekane kama 1000. Weka taa upande mmoja, chini, uzungushe kitu taratibu.

Kwenye uso bapa, funga msasa kwenye kipande cha mbao au mpira mgumu. Vidole peke yake huchimba mabonde madogo ambayo hayaonekani hadi mwisho, pale taswira ya fremu ya dirisha inapojikunja juu ya chuma chako. Maji yawe na tone la sabuni ya vyombo. Karatasi ikiacha kuuma, itupe. Ukiikandamiza unapasha joto na kupaka uchafu. Chuma cha pua hakisamehi msasa uliochakaa, maana kinazidi kuwa kigumu kadiri kinavyosuguliwa bila kukatwa. Pamba ya kawaida ya chuma nayo usiitumie juu yake: huacha vipande vidogo vitakavyoshika kutu.

Kati ya namba na namba, osha kitu, kibao, mikono, na ubadilishe maji. Chembe moja ya 240 ikinasa kwenye 1500 inakurudisha mwanzo.

Sasa gurudumu la kung'arishia, linalozungushwa na mashine au drili. Mkonge hukata zaidi na unafaa chuma. Pamba iliyoshonwa mizunguko hufuata. Pamba iliyolegea ni ya kumalizia. Kila polishi iwe na gurudumu lake. Kwa kawaida nyeusi ni ya kukata chuma, kahawia ya alumini na shaba, kijani ya chuma cha pua, nyeupe ya kumalizia metali nyingi, nyekundu ya shaba, fedha na dhahabu, ingawa rangi hizi hutofautiana kwa watengenezaji, kwa hiyo soma maelezo ya mche wenyewe wa polishi. Iguse kwenye gurudumu sekunde moja tu. Ikizidi, inaacha utando mweusi wa mafuta.

Gurudumu la milimita 150 kwa mizunguko 3,000 kwa dakika lina mwendo wa mita 24 hivi kwa sekunde pembeni, na huo unatosha. La milimita 75 kwenye drili ya mizunguko 2,500 halifiki mita 10. Linafanya kazi, ila polepole. Shika kitu chini kidogo ya usawa wa ekseli, upande ambao gurudumu linashuka, na liache litelezee nje ya ukingo, kamwe lisiugonge kutoka nje. Likinasa ukingo, litakunyang'anya kitu na kukirusha. Usivae glavu za kitambaa. Vaa miwani ya kinga na barakoa ya vumbi, na ufunge nywele. Vumbi la alumini linaweza kulipuka, kwa hiyo usinoe chuma kinachotoa cheche kwenye mashine yenye vumbi hilo.

Ukiona mikia midogo inayotoka kwenye vishimo, umesugua upande mmoja kwa muda mrefu, badili mwelekeo. Uso wenye vinundu kama ganda la chungwa umekandamizwa au kupashwa joto kupita kiasi, na dawa yake ni kurudi msasani. Vishimo vya alumini ya kusubu ni tatizo jingine: vimo ndani ya metali yenyewe, na kila unapokata unafungua vingine.

Mabaki ya polishi yaoshe kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni, kausha, kisha sugua wanga wa mahindi kwa kitambaa laini ili unyonye mafuta yaliyobaki. Shaba hufifia haraka ikiachwa wazi. Ipake nta nyembamba siku hiyo hiyo, na uirudie inapoanza kufifia.