"Tutakiwasha tukikihitaji"

Kwa mara nyingine nimesikia mtu mwenye wadhifa akisema kituo kikongwe cha makaa ya mawe kiachwe hapo hapo, umeme ukipungua kitawashwa. Nimeendesha boila, tangi la kuchemsha maji yawe mvuke, miaka mingi, na kauli hii inanikera kwa sababu ndiyo inayoua mitambo.

Mtambo uliozimwa jana usiku bado una joto, na ndani ya saa mbili tatu unaweza kurudi kwenye gridi. Uliolala siku nne umepoa, na unadai nusu siku au zaidi. Moto si shida, shida ni chuma. Mvuke unaingia kwenye tabaini, mashine inayozungushwa na mvuke ili kufua umeme, ukiwa na nyuzi 540 za Selsiasi hivi. Rota, yaani mhimili unaozunguka ndani, ni nyepesi kuliko kasha lake la chuma, kwa hiyo inapata joto na kurefuka mapema, kasha likijikokota nyuma. Nafasi kati ya mapanga ya rota na sehemu zisizozunguka ni ya milimita tu. Ukiharakisha mvuke, vinasagana. Mwendeshaji anakodolea geji macho, anasimama, anasubiri kasha lifikie, ndipo anaongeza tena. Na kabla mvuke haujaingia, rota lazima izungushwe polepole na mota kwa saa kadhaa, la sivyo itapinda.

Vituo vingi vya miaka ya 1960 na 1970 vilibuniwa vifue umeme mfululizo, mchana na usiku. Leo vinawekwa akiba, vinawashwa na kuzimwa, na kila mara chuma kinatanuka na kunywea. Nyufa zinaanzia kwenye maungio ya kulehemu. Kuna hesabu za kukadiria umri uliobaki wa bomba kwa joto na shinikizo, lakini hesabu hizo zinatulia pale mtambo unapofanya kazi bila kusimama. Ukichanganya na washa-zima, mimi siziamini sana. Naamini kipande kilichokatwa na kupelekwa maabara.

Wengine wananiambia kituo kinaitia gridi uzito. Ni kweli, rota ya tani nyingi inayozunguka mara 3,000 kwa dakika kwenye gridi ya hezi 50 (umeme unaotetema mara 50 kwa sekunde) inaachia nishati papo hapo mtambo mwingine unapozimika ghafla, na mtetemo huo, yaani masafa ya umeme, hauporomoki ghafla. Lakini ni pale tu inapozunguka ikiwa imeungwa kwenye gridi! Mtambo uliopoa hauchangii chochote katika sekunde hizo. Tena kazi hiyo inafanywa pia na mashine zinazozunguka bila kuchoma makaa, betri zikisaidia. Uingereza ilikuwa imeshaanza kuziweka ilipofunga Ratcliffe-on-Soar, kituo cha megawati 2,000, tarehe 30 Septemba 2024.

Sisemi vyote vifungwe kesho. Palipo na upungufu wa kweli wakati wa baridi kali au ukame, akiba ya namna hii inaokoa. Ila akiba inalipiwa: boila iliyolala ijazwe naitrojeni isiliwe na kutu, rundo la makaa lishindiliwe lisijiwashe lenyewe, na zamu ibaki na watu wanaoujua mtambo huo, si wageni. Na amri ya kuwasha itolewe siku moja kabla, si jioni matumizi ya umeme yakiwa yameshapanda.