Tabia, hisia na mahali mtu alipo: dhana potofu na ukweli

Dhana: Mwenye moyo mwema hutenda wema popote alipo.

Imani hii imekita mizizi kuliko zote, na ndiyo inayotufanya tumwite mtu katili kabla hatujauliza alikuwa katika hali gani. Wanasaikolojia John Darley na Daniel Batson waliipima kwa wanafunzi wa theolojia huko Princeton, Marekani, wakachapisha matokeo mwaka 1973. Kila mwanafunzi alitumwa jengo jingine kutoa hotuba fupi. Njiani, mlangoni, palikuwa na mtu aliyejikunyata, kichwa kimeinama, akikohoa na kuguna. Kati ya wanafunzi walioambiwa muda bado upo, asilimia 63 walimsaidia. Kati ya walioambiwa wameshachelewa, asilimia 10 tu. Nusu ya wanafunzi wote walikuwa wanakwenda kuzungumzia mfano wa Msamaria Mwema, yule wa kwenye Biblia aliyesimama kumsaidia mtu aliyejeruhiwa njiani, na hata hivyo wapo waliomruka yule mtu ili wawahi. Namna mwanafunzi alivyoishika dini yake haikuonyesha kama angesimama au angepita. Wengi wa waliopita walifika wakiwa wamefadhaika, nami naona hapo huruma iliyozidiwa nguvu na haraka.

Dhana: Anayeshindwa kuacha dawa za kulevya amekosa msimamo tu.

Mwaka 1971, karibu mmoja kati ya kila wanajeshi watano wa Marekani waliokuwa wakirejea kutoka Vietnam alikuwa amepata uraibu wa heroini akiwa huko. Ilihofiwa kwamba wangerudi na janga nyumbani. Mtafiti Lee Robins alipowafuatilia, aligundua kuwa takriban asilimia 5 tu ya waraibu hao walirudia uraibu katika mwaka wa kwanza. Walikuwa wameacha nyuma vita, wenzao wa kuvuta nao, na heroini iliyopatikana kwa urahisi na kwa bei poa. Sasa mfikirie anayetoka kwenye matibabu akarudishwa mtaa ule ule, kwa marafiki wale wale, kisha tunamlaumu kwa kukosa nia. Tunamwonea.

Dhana: Kelele ukishazizoea hazikudhuru.

Mwaka 1975 huko New York, mtafiti Arline Bronzaft na mwenzake walionyesha kwamba watoto wa madarasa yaliyopakana na reli walikuwa nyuma katika kusoma kuliko wenzao wa upande wa pili wa jengo lilo hilo. Baadaye reli iliwekewa mpira na madarasa yakawekewa dari za kufyonza sauti, na tofauti ile ikatoweka. Ni rahisi mno kumwita mtoto wa namna hiyo mzembe.

Dhana: Basi mazingira ndiyo kila kitu.

Hapana. Uchambuzi wa mwaka 2015, uliojumlisha tafiti za zaidi ya jozi milioni 14 za mapacha, ulikuta kwamba kwa wastani karibu nusu ya tofauti kati ya watu inatokana na vinasaba. Ndiyo maana kelele zile zile humfanya mmoja afoke, na ndugu yake akaendelea na kitabu chake. Isitoshe, mtu mzima ana nafasi fulani ya kuyapanga mazingira yake. Anayejua kwamba hasira humpanda upesi akiwa na njaa au usingizi anaweza kuyaahirisha mazungumzo mazito mpaka ale na kulala.