Mbolea haivundikwi kama ndizi jamani

Juzi tena nimeitwa kwa mama mmoja huku Mafinga, ana ng'ombe wanne wa maziwa, maranda kajizolea kwenye mashine za mbao, yani kila kitu anacho, halafu rundo kalifunga nailoni nyeusi pande zote na mawe juu. Tukafunua, harufu ya mayai viza ikatufukuza wote wawili. Namuuliza, mama kwani umefungia nini? "Si ili joto lisitoke mtaalamu, mbolea vunde si inavundikwa?" Wa ngapi huyo sijui, nimechoka kuhesabu.

Sikieni. Joto haliletwi na nailoni, linatoka kwa vijidudu vinavyokula hiyo samadi na maranda, na vinapumua kama wewe, ukivinyima hewa vinakufa vinaingia vile visivyotaka hewa, ndo vya harufu hivyo, na rundo linapoa. Lakini ukiacha njia, hewa ya moto inapanda inatokea juu na ya baridi inavutwa kwa chini, inajiendesha yenyewe usiku na mchana bila feni wala umeme. Kwahiyo tandika mabua ya mahindi chini, kama sentimita 20 hivi, laza mianzi yenye matundu itokeze huku na huku (ile iliyochoka kutoa ulanzi, pombe ya mianzi, inatosha, ila vunja na vifundo vya ndani kwa nondo, wengi wanasahau hapo), ndo upange mchanganyiko juu, usipite mita 1.5 maana utajishindilia wenyewe. Na unga wa msumeno mtupu hapana, unashikana kama ugali, changanya na maranda manene au vibanzi. Mvua ikija ezeka nyasi.

Vipimo? Samadi mbichi na maranda naanza ndoo kwa ndoo, kisha nakamua mkononi, yakitoka matone mawili matatu sawa, yakichuruzika naongeza maranda.

Eti lazima ugeuze kila wiki. Ukishaweka njia za hewa hapana, mimi nageuza mara moja tu baada ya kama mwezi ili ya pembeni yaingie ndani, kule pembeni hakuchemki na mbegu za magugu zinabaki hai.

Eti rundo likitoa moshi linaungua, mwagia maji. Huo ni mvuke! Nyuzi 55 mpaka 65 ndo tunazozitafuta. Chomeka nondo dakika tano, ukiichomoa ukashindwa kuishika basi mambo yanaenda, kaa mbali na ndoo yako.

Eti maranda yanaua udongo. Yakiwa mabichi kweli yananyang'anya mahindi naitrojeni, chakula chake hicho, yakishaiva na samadi hayana shida. Yanayoniogopesha mimi ni ya nguzo zilizopigwa dawa, zile za kijanikijani, hayo usiyalete shambani hata ukipewa bure na usafiri juu.

Yule mama tumepanga upya siku hiyohiyo, nailoni kaenda kufunikia kuni.