Ufanisi wa kufunga: pointi za mkongwe zinagharimu nini?

"Anafunga ishirini na nne kila mechi. Mnataka nini tena?"

Aliyesema hivyo ni mmoja wa viongozi wa timu yetu ya kikapu ya mtaa, tukiwa tumekaa kwenye ngazi za zege pembeni ya uwanja, Upanga, mazoezi ya jioni yameisha na zege bado lina joto la mchana. Tulikuwa tunajadili mkongwe mmoja, jina lake halina haja hapa, ambaye fedha anayoitaka kusajiliwa inazidi nauli ya benchi letu zima kwa msimu. Wapo waliosema asajiliwe kesho asubuhi. Wengine wakasema anarusha mno. Tukabishana mpaka taa zikazimwa, na nilipokuwa narudi nyumbani nikagundua kwamba pande zote mbili zilikuwa zinazunguka kitu kimoja bila kukitaja. Kitu hicho ni ufanisi wa kufunga.

Maana yake ni nyepesi: ni kiasi cha pointi ambacho mchezaji anakipata kwa kila nafasi ya kufunga anayoitumia. Jumla ya pointi zake ni hesabu nyingine kabisa.

Uzito wa jambo hili unatokana na namna kikapu kinavyochezwa. Ukifunga, mpira unakwenda kwa mpinzani. Ukikosa na mpinzani akadaka ribaundi, yaani mpira uliorudi, mpira ni wake. Sekunde 24 zikiisha hujarusha, mpira ni wake pia. Kwa sababu hiyo timu mbili zinazocheza mechi moja hupata nafasi zinazokaribiana sana kwa idadi, na mshindi ni yule aliyezitumia nafasi zake vizuri zaidi. Nafasi ni mali ya timu nzima. Anayerusha ameichukua kutoka kwenye mfuko wa wote.

Anayemiliki daladala analijua hili bila kufundishwa. Dereva akileta hesabu kubwa jioni, swali linalofuata ni mafuta. Kama ameleta elfu ishirini zaidi ya mwenzake lakini amechoma mafuta ya elfu arobaini zaidi, tajiri hana cha kushangilia.

Zamani watu walitazama asilimia ya mitupo iliyoingia, basi. Amerusha 20, zimeingia 10, ana asilimia 50. Kipimo hicho kina matundu mawili. Kwanza, kinahesabu kapu la pointi tatu sawa na la pointi mbili, kwa hiyo anayefunga kutoka mbali anaonekana mbaya kuliko alivyo. Pili, mitupo huru, ile ya pointi moja moja anayopewa aliyechezewa rafu, hakiioni kabisa, wakati kuna wachezaji wanaoishi kwa kuingia ndani, kuchezewa rafu na kwenda mstarini. Ufanisi wa kufunga unaweka vyote kwenye kapu moja. Unachukua pointi zote za mchezaji. Kisha unachukua mitupo yake ya kawaida, unajumlisha na mitupo huru iliyozidishwa kwa 0.44, na jibu hilo unalizidisha mara mbili, kwa kuwa kapu la kawaida ni pointi mbili. Gawanya pointi kwa namba hiyo, umepata asilimia yako.

Hiyo 0.44 huwasumbua wengi, basi nieleze. Ukichezewa rafu ukiwa unarusha pointi mbili, unapata mitupo huru miwili, lakini timu imetumia nafasi moja tu. Hapo kila mtupo huru ungekuwa na thamani ya nusu nafasi, yaani 0.5. Lakini ipo mitupo huru ambayo kila mmoja haufiki nusu nafasi: ule mmoja wa nyongeza baada ya kufunga huku umechezewa rafu, ule wa adhabu ya utovu wa nidhamu, na ile mitatu anayopewa aliyeangushwa nje ya mstari wa pointi tatu. Ukichanganya yote kwa mechi nyingi, wastani unashuka kidogo chini ya nusu.

Sasa tuseme mkongwe wetu amefunga pointi 24 kwa kurusha mara 22, na mitupo huru minne. Nafasi alizotumia ni 22 kujumlisha 1.76, yaani 23.76. Ufanisi wake ni kama asilimia 50.5. Pembeni yake kuna kijana amefunga 18 kwa kurusha mara 11, na mitupo huru mitano. Nafasi 13.2. Ufanisi wake unafika asilimia 68. Kwenye karatasi ya matokeo mkongwe ndiye kinara, amemzidi kijana kwa pointi 6. Lakini hizo pointi 6 zimegharimu nafasi zaidi ya 10! Nafasi 10 wakigawiwa wachezaji wa kawaida kabisa, wenye pointi moja kwa nafasi, zingeleta pointi 10. Tumefurahia 6 na kupoteza 4, na hakuna aliyeziona zikiondoka, kwa sababu karatasi haina safu ya pointi ambazo hazikufungwa.

Kipimo hiki si fimbo ya kuwachapia wanaorusha sana, na mfano bora wa hilo ni Allen Iverson. Msimu wa 2000/01 akiwa Philadelphia alifunga wastani wa pointi 31.1, akawa mchezaji bora wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, na timu yake ikafika fainali na kufungwa na Lakers michezo 4 kwa 1. Mitupo iliyoingia ilikuwa asilimia 42 tu, na kwa namba hiyo pekee ungesema anaharibu. Lakini alikuwa anakwenda mstarini mara 10 kila mechi. Ukipiga hesabu kamili unapata karibu asilimia 52, ambao ndio ulikuwa wastani wa ligi mwaka ule. Mtu anayebeba mashambulizi ya timu nzima mgongoni, anayekabwa na wawili hadi watatu, akabaki kwenye wastani wa ligi, huyo anafanya kazi kubwa. Philadelphia haikuwa na mwingine wa kumpa zile nafasi.

Miaka saba baadaye swali likawa tofauti. Novemba 2008 Detroit ilimchukua Iverson kutoka Denver, akiwa na miaka 33 na mshahara wa zaidi ya dola milioni 20 kwa msimu ule. Kubwa walilotoa ni Chauncey Billups, ambaye msimu uliotangulia ufanisi wake ulikuwa zaidi ya asilimia 60. Iverson alifunga wastani wa 17.4 kwa Detroit, akiingiza mitupo kama asilimia 42 tena. Asilimia zilikuwa zilezile za Philadelphia, ila hapa zilikalia nafasi za watu waliokuwa wanazitumia vizuri kuliko yeye. Detroit, iliyokuwa imefika fainali ya kanda, hatua moja kabla ya fainali kuu, miaka sita mfululizo, ilishuka kutoka ushindi 59 hadi 39 na kutolewa raundi ya kwanza bila kushinda hata mchezo mmoja. Denver wakiwa na Billups walipanda kutoka 50 hadi 54, wakafika fainali ya kanda ya Magharibi.

Wapo wanaoitetea Detroit hadi leo, na wana hoja. Mkataba wa Iverson ulikuwa unaisha mwisho wa msimu, na uongozi ulitaka nafasi kwenye bajeti ya mishahara ili usajili wengine. Kwenye NBA mshahara unaokaribia kuisha nao ni bidhaa. Nakubali. Lakini mwenye sababu hiyo alipaswa kusema wazi kwamba ameununua mkataba, asiwaambie mashabiki kwamba amenunua ubingwa.

Hapa tuliozoea dirisha la usajili la Simba na Yanga tunachanganyikiwa kidogo. Kwenye soka letu klabu inatoa fedha, inapata mchezaji, na waliobaki wanabaki. NBA ina kikomo cha mishahara. Msimu wa 2024/25 kilikuwa dola milioni 140 na ushee. Timu iliyokwisha kuvuka kikomo, ikitaka mwenye mshahara mkubwa, inalazimika kutoa wachezaji ambao mishahara yao ikijumlishwa inakaribia wa huyo anayekuja. Na kwa kanuni zilizokubaliwa 2023, timu iliyopanda mpaka ngazi ya juu kabisa ya matumizi hairuhusiwi tena kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili au watatu ili kumpata mmoja. Mkongwe ghali haji bure: ujio wake unaondoa watu wako.

Lakers walilipia hilo mwaka 2021. Walimtaka Russell Westbrook, mchezaji bora wa ligi mwaka 2017, mshahara wake ukiwa zaidi ya dola milioni 44, karibu asilimia 40 ya kikomo cha msimu ule. Ili hesabu zikubali waliwatoa Kyle Kuzma, Kentavious Caldwell-Pope na Montrezl Harrell, pamoja na chaguo la raundi ya kwanza, yaani haki ya kumchukua kijana anayeingia ligi. Westbrook akafunga kwa ufanisi wa kama asilimia 51 wakati wastani wa ligi ulikuwa karibu 57. Lakers wakashinda 33, wakapoteza 49. Caldwell-Pope alitwaa ubingwa na Denver mwaka 2023. Lakini Westbrook huyohuyo, mzee zaidi, alicheza Denver msimu wa 2024/25 kwa mshahara wa kama dola milioni 3, mara nyingi akitokea benchi, na timu ikafika mchezo wa saba, wa mwisho wa raundi yao, dhidi ya Oklahoma City, waliokuja kuwa mabingwa. Hakuwa amegeuka kuwa mfungaji mzuri kuliko wengine. Kilichobadilika ni bei yake na idadi ya nafasi alizokabidhiwa, na ndiyo maana nikiulizwa kama mkongwe fulani ni mzuri au mbaya, nauliza kwanza: kwa bei gani, na kwa nafasi ngapi?

Kuna yasiyoonekana kwenye ufanisi wa kufunga. Kipimo hakihesabu mipira iliyopotezwa kabla ya kurushwa. Hakimuoni mchezaji anayevuta mabeki wawili mpaka mwenzake akabaki peke yake kwenye kona. Ulinzi hakiugusi. Halafu kuna mtupo wa sekunde ya mwisho, saa inakatika na kila mmoja anaukimbia mpira: anayeuchukua na kurusha anaharibu asilimia yake kwa faida ya wote, na wakongwe ndio wanaobeba mizigo hiyo mara nyingi. Kama timu yenu haina mtu wa aina hiyo, asilimia 50 za mkongwe zinaweza kuwa na thamani kuliko zinavyoonekana. Nalisema kwa moyo wote kwa sababu nimewaona vijana wetu wakigandishwa na dakika mbili za mwisho, mpira unapita mkono hadi mkono kama kaa la moto.

Pia lipo suala la benchi, ambalo hakuna hesabu inayolitatua. Mwaka 2009 Memphis ilimchagua Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, namba mbili kati ya vijana wote walioingia ligi mwaka ule. Wengi wetu tulianza kuifuatilia timu hiyo kwa sababu yake. Miezi michache baadaye Memphis hiyohiyo ikamsajili Iverson. Alicheza mechi tatu tu, zote akitokea benchi, akaondoka kwa sababu hakukubali nafasi hiyo. Thabeet alikuwa ndiyo kwanza anaanza. Nadhani kijana wa urefu ule angeweza kuokota mengi kwa mtu aliyepita njia zote zile, kama mkongwe angekaa.

Turudi Upanga. Huwa nahesabu mechi zetu mwenyewe, kwa penseli, kwenye daftari la shule: kistari kwa kila mtupo, kistari chenye duara kwa kilichoingia, nukta kwa mtupo huru. Mkongwe huyo alicheza nasi mechi ya kirafiki wiki mbili zilizopita. Ukurasa wake umejaa vistari mpaka vimevuka pambizo, na kweli yapo maduara mengi. Ukurasa wa kijana wetu wa ndani, yule mrefu anayekuja na daladala mbili kutoka Chanika, una vistari vinne. Vitatu vina duara.

Lakini nilichokiona siku ile hakimo daftarini. Robo ya tatu, mkongwe ana mpira upande wa kushoto, anadunda, anamtazama beki wake. Kijana amejipanga chini ya kapu, beki yuko mgongoni kwake, mkono wa kulia umenyooka juu kuomba mpira. Mkongwe akarudi hatua moja nyuma, akarusha, ukagonga chuma. Shambulizi lililofuata, hivyohivyo, mkono juu, mpira haukuja. La tatu, kijana alikwenda palepale, akasimama, na mkono hakuunyanyua.

Kikao kingine ni Jumamosi. Nitakwenda na daftari, na msimamo wangu ni kwamba tumchukue kwa nusu ya fedha anayoitaka, aingie robo ya pili, na dakika mbili za mwisho mpira uwe wake. Akikataa kutokea benchi, ile fedha iwe nauli. Kiongozi wetu ameshanipigia simu kuuliza kama kweli naweza kumkataa mtu wa pointi 24. Nimemwomba afike mapema kidogo Jumamosi, kabla wengine hawajaja, nimwonyeshe ukurasa wa kijana wa Chanika.