Kwa nini mashairi ya mchungaji huyu yalikaa zaidi ya miaka 200 bila kuchapwa?

Mwaka 1937, mtafiti Thomas H. Johnson aliwaonyesha wasomaji wa Marekani kitu kilichokuwa kimelala katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Yale: mswada wa kurasa karibu 400, umejaa mashairi ya dini yaliyoandikwa kwa mkono. Mwenyewe alikuwa ameshafariki tangu 1729. Jina lake Edward Taylor, mchungaji wa Wapuritani, yaani Waprotestanti wa Kiingereza wenye msimamo mkali wa dini, na leo ukitaja washairi wa Marekani ya enzi za ukoloni huwezi kumruka.

Taylor alizaliwa Uingereza, akavuka bahari mwaka 1668 na kumaliza masomo Harvard mwaka 1671. Mwishoni mwa mwaka huohuo aliitwa Westfield, kijiji cha mpakani kilicho kama kilomita 150 magharibi mwa Boston. Akakubali, akasafiri katikati ya theluji. Huko alihubiri, akalima na kutibu wagonjwa, kwa kuwa daktari mwingine hakuwapo. Vitabu vilikuwa adimu, hivyo alivyoazima alivinakili kwa mkono. Mtu wa namna hiyo, kuandika mashairi yake mwenyewe kwenye daftari na kuyaacha humo halikuwa jambo la ajabu.

Ila sababu kubwa ni kazi ambayo mashairi hayo yalifanya. Sehemu kubwa ya mswada ni mashairi yanayoitwa tafakuri za maandalizi, zaidi ya 200, alizoziandika kuanzia 1682 hadi 1725. Piga hesabu: miaka 43, mashairi kama matano kila mwaka. Yalifuata ratiba ya kanisa. Kila ilipokaribia siku ya Meza ya Bwana, Taylor alichukua mstari wa Biblia, mara nyingi uleule wa mahubiri yake, akaufanyia shairi. Wapuritani wa mrengo wake waliogopa sana kula mkate na kunywa divai pasipo kustahili, na onyo la Paulo kwa Wakorintho walilichukua kama lilivyo. Mwenzake wa mji jirani wa Northampton, Solomon Stoddard, alipolegeza masharti ya kuikaribia meza hiyo, Taylor alimpinga kwa miaka mingi. Aliyewadai waumini wajichunguze ilibidi aanze na nafsi yake, na shairi ndilo lililokuwa kioo.

Kwa umbo, tafakuri hizi ni za beti za mishororo sita. Washairi wetu wangeziita tasdisa, ingawa vina vyake vimepangwa kivingine: minne ya kwanza hupishana, miwili ya mwisho hufanana. Lugha yake ndiyo inayoshangaza. Ungetegemea mchungaji mkali aandike kwa ukavu, lakini huyu anaingia jikoni. Katika tafakuri ya mkate wa uzima, Mungu anamsaga Mwanawe kama ngano safi na kuukanda unga, malaika wanaandaa meza, na mkate wenyewe unaitwa keki ya sukari ya mbinguni. Kwingine anaomba afanywe gurudumu la kusokotea uzi, kisha kitanda cha mfumi, hadi avikwe nguo iliyofumwa humo. Na mahali pengine anajiita chembe ya vumbi iliyokusudiwa kumsifu Mungu kwa kalamu. (Binafsi, keki ile ndiyo iliyoninasa.)

Wapo waliodai kwamba aliwakataza warithi wake wasichape chochote. Mimi nayaona ni maelezo ya kutafuta siri pasipo na siri, maana mwaka 1689 beti mbili za shairi lake la ndoa na vifo vya watoto zilitoka ndani ya kitabu cha Cotton Mather, mchungaji wa Boston. Kwa mke wake wa kwanza, Elizabeth Fitch, Taylor alipata watoto wanane, na watano walikufa wakiwa wachanga. Katika shairi hilo watoto ni maua yaliyochumwa bustanini.

Alipofariki, mswada ulibaki katika ukoo. Ulifika kwa mjukuu wake Ezra Stiles, aliyekuwa hajatimiza miaka miwili babu yake alipokufa na baadaye akawa rais wa Yale. Mwaka 1883 mtu wa ukoo aliukabidhi chuo hicho, ukapangwa rafuni. Baada ya Johnson kuuibua, sehemu ilichapwa kitabu mwaka 1939, na tafakuri zote zikatoka pamoja mwaka 1960.

Tena usidhani mchungaji wa kijijini alikosa tu njia ya kufika kwa wachapaji. Pale Harvard alilala chumba kimoja na Samuel Sewall, wakabaki marafiki. Kuanzia 1681 hadi 1684, miaka ileile Taylor alipoanza tafakuri zake, aliyesimamia mtambo wa uchapaji wa Boston alikuwa Sewall huyohuyo.