Kukamatwa bila kushtakiwa: daftari la polisi ni la nani?

Hapa Tanga, mtu akikamatwa Ngamiani jioni, kesho yake mchana akaonekana tena kijiweni, barazani watasema neno moja tu: kaachiwa. Neno hilo limebeba mambo matatu, na asiyeyatenga hawezi kujua kumbukumbu za polisi zinamhusu vipi.

Huenda kapewa dhamana ya polisi. Katoka, lakini jalada bado liko wazi na ana siku ya kuripoti. Huenda alifikishwa mahakamani, akasomewa mashtaka, kisha Mkurugenzi wa Mashtaka akaiondoa kesi. Huyo alishtakiwa, ingawa hakutiwa hatiani. Wa tatu ndiye ninayemsemea hapa: kakamatwa, kaandikwa kituoni, kahojiwa, katolewa, na hakuna hakimu aliyelisikia jina lake. Hana namba ya kesi wala hukumu ya kumsafisha. Kilichobaki juu yake ni maandishi ya polisi peke yake.

Maandishi yenyewe ni ya kawaida kabisa: jina, tuhuma, saa ya kuingia mahabusu, vitu alivyokutwa navyo, saa ya kutoka. Wengi huyachanganya na RB. RB ni namba ya taarifa iliyofunguliwa, na kikaratasi chake hupewa aliyekwenda kulalamika. Mtuhumiwa hurudishiwa simu na mkanda wake, akaenda zake bila karatasi yoyote.

Mistari hiyo michache ina uzito mkubwa. Mama anayetoka Makorora usiku kumtafuta mwanawe, akifika kaunta huuliza, "Afande, mwanangu yumo?" Jibu liko daftarini. Asiyeandikwa hatafutiki. Tena Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inapozungumzia saa 24 za kumfikisha mahakamani mtu aliyekamatwa bila hati, saa hizo zinahesabika tu kama ya kuingia imeandikwa kwa ukweli.

Sasa, nani aruhusiwe kusoma? Katiba yetu inavuta pande mbili. Ibara ya 18 inampa raia haki ya kupata taarifa, na Ibara ya 16 inalinda faragha yake. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 imeifuata mivutano hiyohiyo: raia anaweza kuomba taarifa kwa ofisi ya umma, lakini ofisi inaweza kuzuia zile zitakazovuruga uchunguzi unaoendelea au kuingilia faragha ya mtu bila sababu ya haki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo ikaongeza ulinzi wa mambo yanayomtambulisha mtu.

Kwangu mimi mpaka unapita kwenye jina. Katiba, Ibara ya 13, inasema mtu asitendewe kama mwenye kosa mpaka ithibitike kuwa analo. Jina la asiyeshtakiwa likibandikwa mahali pa wazi, mwenye nyumba atalisoma, mwajiri atalisoma, wakwe watalisoma, na hakuna mahakama atakayoiendea kulisafisha, maana hakuna iliyowahi kumsikiliza. Mji wetu ni mdogo. Habari ya asubuhi ya Chumbageni saa sita imeshafika Deep Sea.

Lakini kuficha jina kusiwe sababu ya kuficha hesabu. Chukua uzururaji, tuhuma inayowashika vijana wasio na kazi ya kuonyesha. Tuseme kituo kimoja kinakamata watu kila wiki kwa tuhuma hiyo na karibu wote wanatolewa bila kushtakiwa. Hilo ni jambo la umma. Wananchi wana haki ya kujua wangapi walikamatwa, kwa tuhuma gani, walikaa saa ngapi na wangapi walifikishwa mahakamani. Hesabu hiyo haimtaji mtoto wa mtu yeyote, na jalada likishafungwa hakuna uchunguzi unaoendelea wa kuvurugwa. Bila hesabu, kila mzazi huona lake ni bahati mbaya ya nyumbani kwake tu.

Amebaki mwenye jina mwenyewe. Huyu si mpita njia anayechungulia ya wenzake. Faragha inayolindwa ni yake, kwa hiyo haiwi sababu ya kumnyima. Anaweza kuomba kwa maandishi, na sheria ya 2016 inataka ofisi ijibu ndani ya siku 30. Ombi litaje tarehe na saa aliyokamatwa, mahali, kituo alichopelekwa, siku aliyotolewa, na namba ya RB kama mlalamikaji anajulikana na yuko radhi kuitoa. Aombe kuandikiwa jambo moja bayana: jalada lake limefungwa, au bado liko wazi.